Giaboksi Ishuke Mwisho

Kutoka Kasindi, kwenye mpaka wa Kongo na Uganda, hadi mjini Beni ni kilomita 80 hivi. Kutoka Beni hadi Butembo ni 54. Mtu wa pikipiki huziona chache. Lori lililojaa saruji ya Hima au mabati ya Kampala huondoka Kasindi likiwa kwenye mita kama 1,000 juu ya usawa wa bahari, hupita miguuni pa Ruwenzori, huvuka Semuliki, kisha hupanda, hushuka na kupanda tena mpaka Butembo, juu ya mita 1,700. Katikati kuna foleni ya forodha, vizuizi, tope la miezi ya mvua na, nyakati nyingine, msafara unaosubiri wanajeshi wa kuusindikiza. Kila kusimama kunazaa kuondoka upya, na kila kuondoka upya na tani thelathini mgongoni ni kazi ya klachi. Marais Museveni na Tshisekedi walizindua ujenzi wa barabara hii Juni 2021, na lami ni neema. Lakini lami haiondoi mlima.

Kilichobadilika ni lori lenyewe. Malori mengi yaliyotumika Ulaya na kufika kwetu kupitia Mombasa hayana tena pedali ya klachi. Volvo ilitoa I-Shift mwaka 2001. ZF ya Ujerumani ilitoa AS Tronic, ambayo utaikuta ndani ya DAF, ndani ya MAN kwa jina la TipMatic na ndani ya Iveco kwa jina la EuroTronic, kisha mwaka 2012 ikaja na TraXon. Scania ina Opticruise, Mercedes ina PowerShift. Actros za mwanzo, za kuanzia 1996, nyingi ni za katikati: pedali ipo, ila gia hubadilishwa kwa hewa na kompyuta. Haya ninayoandika yanahusu hasa malori ya pedali mbili, ingawa mwenye Actros ya zamani naye hatatoka mikono mitupu.

Katika garaji za Mususa, mjini Butembo, kuna maneno utakayoyasikia mara kwa mara: “Papa, ambreyaji imekwisha,” yaani klachi. Dereva anayaleta, fundi anayakubali, mwenye lori anaanza kutafuta dola. Giaboksi yenye zaidi ya kilo 250 inashushwa, klachi pleti inatolewa, na mara nyingi mno inaonekana bado ina unene wa kutembea miezi mingi. Mpya inafungwa hata hivyo, kwa sababu imeshanunuliwa. Wiki moja baadaye, kwenye kupanda baada ya Maboya, njia ya Butembo, lori linakataa gia vilevile.

Msimamo wangu ni kwamba giaboksi ishuke mwisho, baada ya dereva, hewa, umeme na kompyuta kuhojiwa, kwa utaratibu huo au unaokaribiana nao. Hata fundi hodari akiona pleti imeungua ndani ya miezi mitatu, ajue kwamba kuna kitu kingine kilichoiunguza, na kisipopatikana kitaiunguza na ya pili. Seti ya klachi ya milimita 430, ambayo ndiyo saizi ya malori mengi ya nguvu, haikai dukani Butembo ikimsubiri mtu. Hutoka Ndeeba kule Kampala, au Kirinyaga Road kule Nairobi, na kupita mpakani Mpondwe. Lori linalosubiri pleti ambayo halikuihitaji linalala bila kazi huku deni la shehena likitembea.

Ndani ya giaboksi hizi klachi ni ile ile tuliyoizoea: pleti kavu iliyobanwa kati ya flaiwili na presha pleti. Kilichoondoka ni mguu wa kushoto wa dereva. Badala yake kuna silinda inayosukumwa na hewa, valvu ndogo za umeme zinazoingiza na kutoa hewa hiyo, sensa inayopima silinda imesogea kiasi gani, na kompyuta inayoamua. Kompyuta hiyo imejifunza mahali hasa ambapo pleti inaanza kushika, na inalinganisha mizunguko ya injini na mizunguko ya shafti inayoingia giaboksi. Mizunguko hiyo miwili ikiachana wakati klachi imefungwa, inajua pleti inateleza. Kwa AS Tronic nyingi silinda imefungwa nje na kusukuma uma. Kwa I-Shift na TraXon silinda imeizunguka shafti ndani ya nyumba ya klachi, ila valvu zake zinafikika kwa nje. Fundi asiyejua lori lake ni la aina gani asishike spana bado.

Anza na dereva, na umuulize akiwa peke yake, mbali na mwenye mali. Mbele ya bosi dereva hatasema kwamba alikwama tope saa mbili akilibembeza lori mbele na nyuma mpaka moshi ukatoka. Muulize tatizo linakuja asubuhi lori likiwa baridi, au mchana baada ya mlima? Likiwa tupu au likiwa na mzigo? Lilianza ghafla au limezidi polepole? Kuna nini kilichofanywa wiki ile: betri mpya, kuchomelea chasi, kuosha injini kwa maji ya presha? Tatizo la baridi linaloisha mchana huelekea kwenye hewa yenye maji au betri. Tatizo la moto linaloongezeka na mzigo huelekea kwenye pleti. Lililozaliwa siku moja na kazi ya mchomeleaji halihitaji mganga.

Sasa hewa, na hapa nitakaa, kwa kuwa ndipo malori yetu yanapougulia.

Giaboksi hizi hula hewa ya mitungi ile ile inayolisha breki. Kompresa nzuri hujaza mpaka bar 8 au 10 na zaidi. Ikishuka chini ya bar 6 hivi, nyingi zinaanza kukataa gia au kubadilisha kwa uvivu. Dereva atakuambia mshale wa hewa uko sawa. Usimwamini mshale. Mishale miwili ya kwenye dashibodi huonyesha hewa ya breki za mbele na za nyuma. Kwenye malori mengi giaboksi hulishwa na njia nyingine kabisa, ile ya vifaa vya ziada, inayogawanywa na valvu ya njia nne. Njia hiyo inaweza kuvuja au kuziba huku mishale yote miwili ikicheka. Funga geji ya mkono kwenye bomba linaloingia giaboksi, uone bar ngapi zinafika pale penyewe, injini ikiwa kimya na dereva akibadilisha gia. Geji ya aina hiyo haina bei ya kutisha, na garaji inayotengeneza malori haya bila kuwa nayo inapiga ramli.

Baada ya hapo tafuta mvujo. Jaza mitungi, zima injini, acha utulivu, sikiliza. Pita na povu la sabuni kwenye kila kiungo kuanzia valvu ya njia nne mpaka giaboksi. Kuna mvujo unaotokea tu wakati klachi imeachia, kwa hiyo weka vizuizi imara kwenye magurudumu, dereva mwenye akili akae kitini na mguu kwenye breki, injini ikinguruma polepole, atie D. Anayesikiliza asimame pembeni ya chasi. Chini ya lori asiingie mtu. Silinda ikipoteza hewa wakati gia iko ndani, klachi inajifunga yenyewe, na lori linaondoka bila kumwomba mtu ruhusa.

Kisha fungua valvu za kutolea maji chini ya mitungi. Maji kidogo ni jambo la kawaida kwenye unyevu wetu; maji ya glasi nzima yanakuambia kikausha hewa kimekufa. Kikitoka kitu cheupe mfano wa maziwa, ni maji yaliyochanganyika na oili ya kompresa, na uji huo umeshafika kwenye valvu za klachi, ambazo matundu yake ni madogo sana. Valvu iliyokula uji hufungua kwa kuchelewa na kufunga kwa kuchelewa. Dereva anahisi lori linaruka wakati wa kuondoka, au gia zinachelewa, naye anasema ambreyaji. Nimeona watu wakinunua silinda nzima ya klachi na kuifunga kwenye hewa chafu ile ile. Kichujio cha kikausha hewa, ambacho wataalamu hushauri kibadilishwe kila mwaka au miwili, ndicho kitu rahisi kuliko vyote kwenye mfumo huu na ndicho kinachosahaulika zaidi. Malori mengine yanafika garajini kikausha hewa kimerukwa kabisa kwa kipande cha bomba. Aliyefanya hivyo alipata hewa haraka siku ile, na alimwachia mwenye lori bili ya giaboksi.

Kuna ugonjwa mmoja wa hewa unaomdanganya hata fundi mzoefu. Valvu ya kuingiza ikiwa haifungi vizuri, hewa kidogo inajipenyeza ndani ya silinda muda wote, na klachi inakaa imeachia kidogo. Lori linateleza mlimani sawasawa na lililokwisha pleti. Ukishusha giaboksi utakuta pleti nzima, labda imeanza tu kuungua. Dawa ni skana: itazame namba ya mahali silinda ilipo wakati klachi imefungwa. Inapaswa kurudi pale pale kila mara. Ikiwa inatambaa, leo hapa, kesho pale, pleti haina kosa.

Umeme utapita haraka zaidi, ila usiuruke. Malori haya yana volti 24 kutoka kwa betri mbili. Pima wakati wa kuwasha injini: volti zisishuke chini ya 19. Zikishuka, kompyuta ya giaboksi inaweza kujizima na kujiwasha, na ikiamka haikumbuki vizuri silinda iko wapi. Chanzo ninachokichukia kuliko vyote ni ile tabia ya kuchukua volti 12 za redio na chaja za simu kwenye betri moja. Betri hiyo inachoka, ya pili inajazwa kupita kiasi, na baada ya miezi zote mbili ni takataka. Kuna kigeuza volti cha kazi hiyo; kinunuliwe. Angalia pia waya mnene wa hasi unaofunga giaboksi na injini kwenye chasi. Huota kutu, au fundi fulani aliusahau alipofunga giaboksi mara ya mwisho. Tia mita kati ya mwili wa giaboksi na ncha ya hasi ya betri wakati wa kuwasha: ukiona zaidi ya nusu volti, waya huo au vifungo vyake ni vibovu.

Na wachomeleaji wetu, ambao bila wao hakuna bodi ya mbao za Ituri ambayo ingebaki juu ya chasi: betri zote zifunguliwe kabla ya kuchomelea, na waya wa hasi wa mashine ufungwe karibu kabisa na mahali panapochomelewa. Kompyuta ya giaboksi ikipitiwa na umeme wa kuchomelea haionyeshi alama ya kuungua. Inakufa tu, au mbaya zaidi, inabaki nusu hai.

Sasa unganisha skana. Andika namba zote za hitilafu kwenye karatasi, pamoja na mara ngapi kila moja imetokea, kabla hujafuta hata moja. Fundi anayefuta kwanza “aone zipi zitarudi” amechoma ushahidi. Malori mengi, Actros na Volvo zikiwemo, huonyesha namba hizo kwenye dashibodi yenyewe, kwa hiyo hata lililokwama njiani kule Bulongo linaweza kusomwa na dereva kwa simu. Lakini namba haisemi kifaa gani kibadilishwe. Namba ya sensa ya silinda inaweza kuwa sensa, waya wake, plagi iliyojaa tope, au silinda yenyewe isiyosogea kwa kukosa hewa. Ndiyo maana hewa na umeme vimetangulia.

Vikiwa sawa, lijaribu lori barabarani. Wazee walitufundisha kupima klachi kwa kuvuta breki ya mkono, kutia gia ya tatu na kuachia pedali: injini ikizima, klachi nzima. Kwenye malori haya jaribio hilo halina maana, kwa kuwa kompyuta itaifungua klachi kuiokoa injini isizime, au itaisugua tu. Tafuta tambarare au kilima kidogo kirefu, lori likiwa na mzigo na injini ikiwa moto. Weka gia kwa mkono, gia ya juu, kama ya kumi au ya kumi na moja, mizunguko ikiwa 1,000 au 1,100 kwa dakika. Kanyaga mafuta mpaka chini. Mshale wa mizunguko na wa mwendo ipande pamoja, polepole. Mizunguko ikiruka na mwendo ukabaki, pleti inateleza. Fanya mara moja au mbili, si zaidi. Kila jaribio linakula kidogo cha kilichobaki.

Klachi inayoteleza na klachi isiyoachia ni magonjwa mawili tofauti, japo midomo ya watu huyaita jina moja. Isiyoachia huonekana lori likiwa limesimama: unatia D au R, giaboksi inasaga au inakataa, au lori linataka kusogea kabla hujakanyaga chochote. Pleti inaweza kuwa imepinda kwa moto, meno ya katikati yake yameshika kutu kwenye shafti baada ya lori kulala miezi, uma umepinda, au silinda haifiki mwisho wa safari yake. Ila kuna mshukiwa mmoja asiyetajwa: breki ya giaboksi. Ndani ya giaboksi kuna breki ndogo inayozisimamisha shafti zinazoendelea kuzunguka baada ya klachi kufunguka, na ndiyo inayosaidia gia za kupanda ziingie haraka. Ikichoka, dalili zinafanana na za klachi. Kuzitofautisha ni subira tu. Tia gia lori likiwa limesimama, usubiri. Ikiingia yenyewe baada ya sekunde kadhaa, na ukikumbuka kwamba njiani gia za kupanda zinachelewa kuliko za kushuka, chunguza breki ya giaboksi. Ikikataa hata ukisubiri mpaka chai ipoe, rudi kwenye klachi.

Kutetemeka wakati wa kuondoka kunawapeleka mafundi moja kwa moja kwenye pleti, na huenda wakawa sahihi: oili imeingia kupitia sili ya nyuma ya injini au sili ya shafti ya giaboksi, springi za pleti zimevunjika, au flaiwili ina madoa ya moto. Kabla ya hapo, hata hivyo, zitazame mauntingi za injini na msalaba wa propela shafti, ambazo ziko nje, wazi, na hazihitaji zaidi ya chuma cha kupenyeza na macho mawili. Oili inayodondoka chini ya nyumba ya klachi nayo inasema bila kuulizwa. Inuse na uipanguse kidoleni, ujue ni ya injini au ya gia, kwa kuwa sili zao ni mbili tofauti.

Kwa kelele, fundi wa zamani alikuwa anakanyaga pedali na kusikiliza. Wewe huna pedali, lakini unaweza kumwomba kompyuta akukanyagie. Injini ikinguruma polepole kwenye N, klachi imefungwa na shafti ya giaboksi inazunguka. Ukitia D huku umeshika breki, klachi inafunguka na beringi yake inabeba mzigo. Kelele inayozaliwa pale D inapoingia ni ya beringi ya klachi au ile ndogo iliyo katikati ya flaiwili. Kelele iliyokuwepo kwenye N na kufa ulipotia D ni ya beringi za mbele za giaboksi, na hiyo ni bajeti nyingine kabisa.

Haya yote yakielekeza kidole kwenye pleti, basi shusha. Na ukishusha, fanya kwa heshima. Vumbi la klachi usilipulize kwa hewa ya kompresa. Lilowanishe na kulifuta, maana mapafu hayauzwi Ndeeba. Flaiwili yenye nyufa ndefu au madoa ya buluu ipelekwe kwenye mashine ya kukereza kwa kipimo cha mtengenezaji, au ibadilishwe. Sili zote mbili zibadilishwe hata kama ni kavu, pamoja na beringi. Sipendi pleti zilizopigiliwa ferodo mpya kwenye malori ya pedali mbili. Kwenye lori la pedali, mguu wa dereva huizoea pleti isiyo sawa; kompyuta haina uvumilivu huo, na ferodo yenye unene wa kubahatisha itakurudishia kutetemeka ndani ya mwezi. Ukiwa huna pesa za seti mpya, afadhali lori lisubiri.

Wakati wa kurudisha giaboksi, isininginie kwenye pleti hata dakika moja. Shafti ikiingia nusu na uzito wote ukabaki juu yake huku vijana wakitafuta boliti, pleti mpya inapinda katikati, na siku lori litakapotoka garajini litakuwa na ugonjwa wa kutoachia ambao halikuwa nao lilipoingia. Jeki ya giaboksi ndiyo chombo. Magogo na kamba vimefanya kazi miaka mingi kwetu, nami sivitukani, ila vinahitaji mtu mmoja asiye na kazi nyingine zaidi ya kuangalia usawa.

Kisha hatua inayorukwa kuliko zote: kuifundisha kompyuta klachi mpya. Bila hiyo, kompyuta inaendelea kuamini kwamba pleti ni ile ya zamani iliyolika, inaanza kushika mahali pasipo, na pleti ya dola nyingi inaungua kwa ujinga wa namba. Kwa malori mengi kazi hii hufanywa kwa skana, lori likiwa tambarare, breki ya kuegesha imevutwa, mitungi imejaa, injini ina joto na hakuna anayegusa pedali. Mengine hujifunza yenyewe yakiachwa yangurume kwenye N kwa muda. Mwenye lori, uliza kabla hujalipa: imefundishwa? Fundi akikutazama kana kwamba umeongea Kichina, ahirisha malipo.

Dereva naye ana shule yake, hasa yule aliyekulia kwenye pedali tatu. Kosa kubwa mlimani ni kulishikilia lori kwa kukanyaga mafuta kidogo lisirudi nyuma, kwenye foleni ya kizuizi, dakika baada ya dakika. Miguu yake inatulia, pleti inapikika. Lori lishikwe na breki mpaka njia ifunguke. Kwenye foleni ya Kasindi, acha pengo lifunguke mbele, usogee mara moja, badala ya kutambaa nusu mita mara ishirini. Kwenye tope usiiachie kompyuta ichague gia ya kuondokea: inaweza kuchagua ya tatu au ya nne kwa kuwa haioni tope. Weka mkono, gia ya kwanza, ambayo huzidisha nguvu ya injini karibu mara 15, funga difu, toka taratibu. Likikataa mara mbili, chukua sepetu na mawe. Shehena ipunguzwe ikibidi. Dashibodi ikikuonya klachi imepata moto, ama songa mbele uiache ifunge kabisa, ama simama, tia N na uache injini ingurume dakika kadhaa ipoe. Kilicho katikati ya hayo mawili ndicho kinachoimaliza.

Wapo wanaosema suluhisho ni kuitoa giaboksi hii na kufunga ya pedali. Siwacheki. Kwa anayeendesha hadi Mangurujipa kufuata mbao, mbali na skana yoyote, pedali ina hoja zake. Ila ubadilishaji huo ni pedali, silinda, bomba, nyaya na kompyuta ya injini inayotakiwa kukubali giaboksi ngeni, na si kila fundi anaumaliza vizuri. Mengi ya malori niliyosikia yakibadilishwa yaliugua hewa chafu, na hewa hiyo bado imo ndani yao, sasa ikisubiri breki.

Ukienda kununua lori Kampala au Mombasa, nenda na skana au mtu mwenye nayo. Soma kipimo cha kulika kwa klachi, ambacho giaboksi nyingi hukitoa kwa asilimia. Soma namba za hitilafu: lori la miaka kumi na tano lisilo na hata moja limefutwa asubuhi hiyo. Omba kuliwasha likiwa baridi, uhesabu muda wa mitungi kujaa, kisha litie R na D mara kadhaa kwenye mteremko wa yadi yenyewe. Muuzaji akikataa jambo hilo dogo, yadi ziko nyingi. Ukishalinunua, kiandike kile kipimo cha klachi kwenye daftari la lori pamoja na kilomita zake, na ukisome tena kila unapobadilisha oili ya injini. Baada ya safari chache za Kasindi utajua lori lako linakula pleti kiasi gani kwa kilomita elfu, na dereva yupi anakula zaidi ya mwenzake.